Sauti Niliyoiazima

Jumapili, mchana

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii imewakuta wazima wote watatu, wewe, wifi yangu na huyo binti yenu anayeniita shangazi bila kuniona hata siku moja. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema kuingia na kutoka kwenye mashimo ya lifti kunakumaliza, nami nikakujibu kwa mzaha kwamba fundi wa lifti ndiye mtu pekee anayepanda ngazi ili wengine wasipande. Leo nakuuliza bila mzaha. Ukienda hospitali wakupige picha, usikubali kurudishwa na vidonge tu.

Sisi huku hatujambo. Baba magoti yanamsumbua asubuhi, lakini yakishapata joto anakwenda hadi sokoni na kurudi bila fimbo, na ole wako umwambie apumzike. Bomba la jikoni lile lililokuwa likivuja tangu tukiwa shule limepona. Alilitengeneza mwenyewe mwezi uliopita, akakaa nalo siku mbili kama daktari na mgonjwa. Mimi nimenenepa. Watu wananiambia nimependeza, nawashukuru, ila nguo zangu hazikubaliani nao. Habari ya likizo yako imefika, na nimeona kwamba tiketi mmeshakata. Nitaizungumzia hiyo mbele kidogo.

Utashangaa kwa nini nimechukua kalamu wakati simu zipo. Nina sababu. Mwandiko wangu unaujua, maana wewe ndiye uliyenifundisha herufi k, na mpaka leo yangu inalala upande kama yako. Nilitaka upokee kitu ambacho ukikitazama tu unajua kimetoka kwa nani. Nitampa yule mchomeleaji mnayefanya naye kazi, anayerudi huko wiki hii, na nimemwomba akukabidhi mkononi, si kwa jirani wala kwa mlinzi wa getini.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu najua hujawahi kuielewa na wifi anaona aibu kuuliza. (Kazini kwenyewe nikitaja wifi, wenzangu wanadhani nalalamikia intaneti.) Mimi ni mdukuzi. Usishtuke, ni mdukuzi wa kuajiriwa, mwenye kitambulisho na bima. Ofisi inatuita tujaribu kuiingilia, na tukifaulu tunaiandikia ripoti ya mahali tulipopitia, ili wapazibe kabla hajaja mwingine asiyeandika ripoti. Majirani wakimuuliza Baba, huwa anawaambia natengeneza kompyuta. Siku nilipokaa naye nikamweleza kwa kirefu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama hao ninaowaingilia huwa wanajua. Nikamwambia mabosi wanajua, wafanyakazi hawajui. Akasema, "Basi nusu yao unawaibia," akaendelea kunywa chai.

Wenzangu wengi wanapenda mashine. Kuna mmoja tunamwita Miwani, huyo akikaa mbele ya kompyuta hata umpigie ngoma sikioni hageuki. Mimi kitengo changu ni watu. Napiga simu. Nimejifunza kwamba mtu naye ana nyufa zake kama mfumo wowote: yupo anayemwogopa bosi wake, yupo anayechoka mapema siku ya Ijumaa, yupo anayependa kuitwa mtaalamu, na yupo, huyu ndiye rahisi kuliko wote, ambaye anataka tu kumsaidia mwenzake. Unachofanya ni kuutafuta ufa wake na kusema naye kupitia hapo.

Wala usidhani nilifundishwa chuoni. Unakumbuka Mama alivyokuwa akimwingia Baba? Akitaka kitu hakuomba. Alianza kwa kusifu kazi ya mikono yake, akatulia, akataja jambo jingine kabisa, mpaka Baba mwenyewe analeta shauri lilelile Mama alilokuwa nalo tangu asubuhi, tena akiona ni lake. Na unakumbuka Baba alivyotunyamazisha karakanani alipokuwa anafungua kufuli lisilo na ufunguo, kwa sababu alikuwa anasikiliza pini moja moja zikipanda? Mimi nilichukua kwa wote wawili. Nikikaa na simu nasikiliza pumzi ya mtu, najua sasa amelegea, sasa ameshtuka, sasa ukingoja kidogo atasema.

Wiki tano zilizopita tulipewa kazi ya hospitali moja kubwa. Walitaka kujua kama mtu wa nje anaweza kuyafikia mafaili ya wagonjwa. Miwani alihangaika siku tatu akaambulia patupu. Mfumo wao umefungwa vizuri. Bosi akanitazama, nikajua zamu ni yangu.

Nilipiga masjala, kule wanakotunza mafaili. Akapokea mzee mmoja, sauti yake tulivu, mtu anayemaliza sentensi zake. Nikamwambia mimi ni mgeni katika kitengo chao cha kompyuta, hii ni wiki yangu ya kwanza, nimeharibu kitu nilichotumwa kurekebisha na mkuu wangu akijua nimekwisha. Hapo alinihurumia, lakini hakufunguka. Alisema nimpelekee barua. Nikasikia kwamba njia ya bosi mkali haimwingii, nikaiacha. Nikamwambia sawa mzee wangu, nitaandika barua, ila nilitaka kumaliza mapema kwa sababu Mama amelazwa na saa ya kuwaona wagonjwa inakaribia kwisha.

Akaniuliza anaumwa nini. Nikasema figo. Akauliza ni moja au zote mbili. Kaka, nilisema zote mbili, na sauti ikanikatika yenyewe, maana unajua kilichomwua Mama yetu. Sikuipanga ile. Lakini sikuiacha ipotee pia, niliitumia. Yule mzee akaniambia nisilie, akanisomea neno lake la siri herufi moja moja, akarudia mara mbili nisije nikakosea, akasema, "Kimbia ukamwone mama yako." Kwa neno lile tulifungua mafaili ya wagonjwa elfu kumi na nane.

Siku tatu baadaye tulikwenda kuwasilisha matokeo. Kanuni yetu ni kutotaja mtu, na bosi hakutaja. Ila aliwasikilizisha rekodi ya simu, na pale mezani hapakuwa na asiyeijua ile sauti. Mkuu wa hospitali akaagiza mzee aitwe. Akaja amevaa koti la kazi lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, akasimama. Waliiwasha rekodi tena mbele yake. Mimi nilikuwa naitazama glasi yangu ya maji.

Ilipokwisha, mkuu akamuuliza kama ana la kusema. Mzee akaomba ruhusa kuniuliza mimi swali moja. Nikajua nitatukanwa, na nilikuwa tayari. Akaniuliza, "Mama anaendeleaje?"

Nilidhani ananikejeli. Nikamtazama usoni, nikaona hapana. Mzee yule alikuwa ameelewa kwamba sikuwa mtu wa kitengo cha kompyuta, na kwamba sikuharibu chochote, lakini ya mgonjwa hakuwahi hata kuifikiria kuwa ni uongo. Ikabidi nimwambie mbele ya watu wote kwamba hakuna mgonjwa, Mama yangu alishafariki miaka minne iliyopita. Akatikisa kichwa polepole. Akasema, "Kumbe siku zote tatu nimekuwa nikimwombea mtu ambaye hayupo." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu vitu vyake na kukuta kimoja kimepungua.

Nilipigania asiadhibiwe. Niliandika kwenye ripoti kwamba kosa ni la utaratibu wao, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kukata simu na kupiga upya namba anayoijua. Wakakubali, hakufukuzwa wala hakukatwa chochote, na mimi mwenyewe nikapewa kazi ya kuwafundisha. Siku ya mafunzo nilimfuata masjala kumwomba radhi. Alinikaribisha kiti. Akasema amenisamehe na nisijitese, kazi ni kazi. "Ila sasa simu ikilia nasita," akaniambia. "Zamani nilikuwa sisiti."

Nimekueleza haya yote, kaka, si kwa kukupigia porojo. Nilirudi nyumbani siku ile nikakaa kwenye chumba chako cha zamani, ambacho sasa ndicho ofisi yangu, na kwenye simu palikuwa na ujumbe umetoka kwako kwenda kwa Baba. Ulisema umepata likizo, mnakuja wote, na kwamba umemwambia binti yako babu yake atamfundisha kuchonga ufunguo. Niliusoma nikasikia sauti ya yule mzee.

Sasa nasema, na nakuomba ukae kabla hujaendelea. Baba hajawahi kukuandikia. Ujumbe wote uliopokea kutoka kwake kwa miaka mitatu na nusu nimeuandika mimi.

Najua hupendi tuyataje ya zamani, lakini leo hayakwepeki. Ulipokuwa na miaka kumi na tisa ulichonga nakala ya ufunguo wa duka la vitambaa, duka ambalo kufuli lake Baba ndiye aliyelifunga, ukawapa rafiki zako, wakaingia wakalisafisha. Ndani ya wiki moja mtaa mzima ulibadilisha kufuli, na hakuna aliyemwita Baba kuzibadilisha. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pa karakana akiwatazama mafundi wengine wakitoboa milango aliyoifunga yeye. Ndipo aliposema hana mtoto wa kiume, nawe ukaondoka. Mama ndiye aliyekuwa daraja kati yenu, na Mama akafa.

Miezi mitatu baada ya kifo chake nilikuwa natengeneza simu ya Baba. Nikakuta ujumbe wako. "Baba, ni mimi. Naomba unisamehe." Basi, hayo tu. Yeye alikuwa chumba cha pili anasikiliza redio. Wewe hukujua kwamba simu kwake ni kitu cha kupiga na kupokea tu, ujumbe hafungui. Ningeweza kumpelekea nikamsomea. Niliogopa atakachojibu. Nikajibu mimi: "Nimesikia, mwanangu." Nilijiambia ni mara moja tu, mtu asilale na kimya. Ukajibu mistari kumi. Nikajibu tena. Baadaye nikauhamishia ukurasa ule wa ujumbe, wenye jina la Baba, kwenye simu yangu; kwake zikabaki simu za kupiga tu.

Unajua ninavyofanya kazi, kwa hiyo acha nikuonyeshe nilipopitia kwako. Nilijua hutapiga simu ukiambiwa masikio ya Baba yamekufa na simu inamkera, kwa hiyo nikakuandikia hivyo kwa jina lake. Ulipokuja kuniuliza mimi, dada yako, nikakuthibitishia. Mashahidi wawili, mdomo mmoja. Nilijua pia ufa wako ni upi. Ulitaka kusamehewa kiasi kwamba hukushangaa Baba, mtu ambaye hajawahi kumwambia mtu pole bila kukohoa kwanza, kuanza ghafla kukuuliza kama umekula.

Jumamosi ya wiki iliyopita, siku nane sasa, nilimfuata Baba karakanani. Siku hizi wanamletea kufuli kuukuu, watu wachache, na anazitengeneza kwa kupenda tu. Alikuwa anapiga tupa. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Aliiweka tupa mezani, akafuta mikono, akaniita kwa jina, "Sindano, soma." Nikamuuliza nisome upi. Akasema wote.

Ni ujumbe mia mbili na kumi na mmoja, wako na wangu. Nilisoma kuanzia baada ya chakula mpaka jua likatoka kwenye meza yake likahamia ukutani.  Tulipofika pale nilipoandika kwa jina lake kwamba anakupenda, akanisimamisha akauliza, "Mimi nilisema hivyo? Na yeye akaamini?" Nikasema uliamini. Akacheka, kaka. Alicheka kidogo mpaka akakohoa, halafu uso ukarudi ulivyokuwa.

Kisha tukafika kwenye ule ujumbe mrefu wa mwaka wa pili. Pale uliposimulia siku ya duka, kwamba ulidhani wanakwenda kumfanyia mwenye duka mzaha wa kuhamisha sanamu za dirishani, na kwamba ulipowaona wanatoka na majora ulikimbia, ukarudi peke yako kulifunga kufuli, kwa sababu hukutaka kazi ya Baba ionekane imeachwa wazi, na ndipo ulipokamatwa. Baba alinisomesha mara tatu. Mara ya tatu alifumba macho. Kumbe hakuwahi kukuuliza na wewe hukuwahi kumwambia. Miaka kumi na miwili mimi nilidhani ulishajieleza kwake, akakataa kukusikia.

Akauliza nilikujibu nini pale. Nikamsomea: "Nilishakusamehe zamani, mwanangu."

Hapo ndipo alipokasirika. Sijawahi kumwona hivyo, maana hakupandisha sauti hata kidogo. Aliniambia, "Umemsamehe kwa niaba yangu jambo ambalo mimi hata sijalisikia. Hilo halikuwa lako. Mtoto amenifungulia moyo, mimi sipo, na wewe umekaa kwenye kiti changu." Akachukua tupa akaendelea na kazi. Siku mbili hatukuzungumza. Alikula nilichopika, aliitikia salamu, basi.

Kaka, sitajitetea kwamba nilikusudia mema. Yule mzee wa masjala naye alikusudia mema. Nilikupa baba wa kutengeneza, ukampenda, ukamsimulia mambo yako, ukamtumia picha ya binti yako alipong'oka jino, na aliyestahili kuiona alikuwa chumba cha pili anasikiliza redio. Nilimnyang'anya yeye pia. Miaka yote hii angeweza kuamua mwenyewe, hata kama angeamua vibaya. Kitu kimoja tu naomba ukiamini ingawa sina haki ya kuaminiwa: pale palipoandikwa kwamba unakumbukwa nyumbani, na kwamba kiti chako mezani hakikaliwi na mtu, nilikuwa nasema ya kwangu. Nilikosa tu ujasiri wa kutia jina langu.

Ule ukurasa nimeufunga. Ukiandika kule hakuna mtu. Namba ya Baba ni ileile ya siku zote, na masikio yake ni mazima kabisa, anasikia hata nikifungua friji. Uziwi niliutunga mimi. Kuhusu safari yenu siwezi kukushauri, maana nimeshauri vya kutosha kwa sauti isiyo yangu. Kama utakuja, nitakuja kuwapokea, na kama hutaki kuniona nitabaki nyumbani nipike. Kama umenikasirikia, kasirika kadiri inavyokustahili. Nitangoja.

Jana asubuhi Baba aliniomba karatasi. Nikampa daftari. Akakaa nalo karakanani na ile penseli yake ya kuchorea mbao, tangu baada ya chai hadi saa saba, na mara mbili nilimsikia anachana na kuanza upya. Alipotoka alikuwa ameshakunja, akaomba gundi. Akaibandika, akaona haitoshi, akazungushia na utepe wa umeme pande zote nne, kama anafunga waya. Akaniwekea mkononi akasema, "Hii hudukui." Ni mara ya kwanza kumsikia akilitamka hilo neno.

Imo ndani ya bahasha hii, nyuma ya barua yangu. Sijui amesema nini. Huenda amesema njoo, huenda amesema usije, huenda amekuuliza swali. Nimeshika uzito wake tu. Kama karatasi mbili, labda tatu. Utepe wa aina ile naufahamu, unabanduka ukiupitishia mvuke wa birika na kurudi bila alama, na birika ninalo hapa mezani. Nimeiacha.

Nisalimie wifi, mwambie nimemtengea kitanda kizuri kama atakitaka. Mbusu binti yako kwa niaba yangu mimi, shangazi yake, si ya mwingine. Nilimuuliza Baba kama niongeze salamu zake hapa chini. Akasema za kwake ameshazifunga mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,

Sindano